Jina moja, vifaa vitatu: kuchagua kipima kaboni monoksidi kwa kazi ya mifumo ya joto

Mwenye nyumba analalamika kwamba kichwa kinamuuma kila asubuhi tangu baridi ianze. Anamwita fundi wa boila, yaani mtambo unaochoma fueli ili kupasha nyumba joto. Fundi anatoa kifaa chenye shingo ndefu, anakipitisha kwenye maungio yote ya bomba la gesi, hakilii. Anatazama juu ya mlango na kuona king'ora cha kaboni monoksidi, taa yake ya kijani inawaka. "Hapa hakuna gesi," anasema, kisha anafunga begi lake. Vifaa vyote viwili vilikuwa vizima, na vyote viwili vilisema kweli. Ila hakuna hata kimoja kilichoulizwa swali lenyewe.

Chanzo cha mkanganyiko huu ni jina. "Kipima CO" ni jina linalobeba vifaa vinavyofanana kwa sura lakini vyenye kazi tofauti kabisa, na wauzaji wengi huviweka kwenye kapu moja. Mtu anayetengeneza au kukagua mifumo ya kupasha joto nyumba hana budi kuvitenganisha kabla hajatoa pesa, maana kifaa kisichofaa hakikai kimya tu. Hukupa jibu la swali jingine, nawe unaondoka umeridhika.

Tuanze na gesi yenyewe. Fueli yoyote yenye kaboni, iwe gesi, mafuta, makaa au kuni, ikiungua kwenye hewa ya kutosha hutoa kaboni dioksidi na mvuke wa maji. Hewa ikipungua, au mwali ukigusa chuma baridi kabla haujamaliza kazi yake, kaboni hupata oksijeni moja badala ya mbili. Hiyo ndiyo kaboni monoksidi, CO kwa kifupi. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Tumezoea kuambiwa kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Gesi hii huleta mvua bila wingu.

Ndani ya damu himoglobini ni kama basi lenye viti vya kubebea oksijeni. CO hupanda basi hilo na kung'ang'ania kiti kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara mia mbili na zaidi. Mfaransa Claude Bernard alilieleza jambo hilo katika miaka ya 1850. Ukitoka nje kwenye hewa safi, nusu ya CO iliyomo damuni huchukua kama saa nne hadi tano kuondoka. Ndiyo maana kiasi kidogo kinachovutwa usiku kucha kinaweza kumwangusha mtu: abiria wanapanda haraka kuliko wanavyoshuka. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu na kuchanganyikiwa, bila homa. Wengi hudhani ni mafua, mpaka watambue kwamba wote nyumbani wanaumwa na kwamba wakitoka nje wanapata nafuu.

Kipimo chake ni ppm, yaani chembe ngapi za CO katika kila chembe milioni moja za hewa. Asilimia moja ni ppm 10,000. Ni vizuri kuwa na namba chache kichwani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa hewa ya ndani, wa mwaka 2010, unataka wastani wa saa nane usizidi miligramu 10 kwa mita ya ujazo, ambayo ni takriban ppm 9. Mwaka 2021 shirika hilo lilikaza zaidi na kuweka miligramu 4 kwa wastani wa saa 24. Marekani, kikomo cha kisheria cha OSHA, idara ya serikali ya usalama kazini, kwa mfanyakazi ni wastani wa ppm 50 kwa zamu ya saa nane, na ppm 1,200 inahesabiwa kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai. Zingatia pengo lililopo kati ya 9 na 1,200. Kifaa kinachopima vizuri upande mmoja wa pengo hilo huenda kikawa hovyo upande wa pili.

Sasa tuviangalie vifaa, nikianza na king'ora cha nyumbani, maana ndicho kinachoaminiwa kupita uwezo wake. King'ora ni mlinzi aliyepewa amri asipige kelele mpaka mgeni awe amesimama getini kwa muda. Kwa kiwango cha Marekani, UL 2034, king'ora kikikutana na ppm 70 kinatakiwa kilie baada ya saa moja hadi saa nne. Kwa ppm 30 kinatakiwa kisilie hata baada ya siku 30. Kiwango cha Ulaya, EN 50291, ni kikali zaidi: ppm 50 kilie kati ya dakika 60 na 90, ppm 100 kati ya dakika 10 na 40, na ppm 300 ndani ya dakika 3. Ucheleweshaji huu umewekwa kwa makusudi. Bila huo, kila anayewasha jiko angeamsha nyumba nzima, na watu wangeving'oa betri ving'ora vyao. Basi king'ora kiwepo katika kila nyumba yenye kitu kinachoungua, na huo ni msimamo wangu usiotikisika. Lakini taa ya kijani haimaanishi sifuri. Maana yake ni kwamba masharti ya kulia hayajatimia. Mtu mzima anaweza kuishi miezi kwenye ppm 25 chini ya king'ora kizima, na mtoto mchanga au mjamzito vivyo hivyo. Fundi asisome king'ora kama kipimo.

Kile kifaa chenye shingo ndefu hakimo hata katika vitatu ninavyovizungumzia. Hicho hutafuta gesi mbichi, ile ambayo bado haijaungua, inapovuja bombani. CO haivuji bombani, huzaliwa motoni. Tena, CO huanza kuweza kushika moto inapofika asilimia 12.5 ya hewa, yaani ppm 125,000, ilhali inaua ikiwa chini sana ya hapo. Kifaa kilichoundwa kuonya juu ya mlipuko kinaweza kukaa kimya mbele ya hewa yenye kuua. Hata vile vinavyoguswa na CO kidogo haviwezi kukueleza ni kiasi gani.

Kifaa cha pili ndicho kipima hewa ya chumba, ambacho fundi hukibana kwenye mkanda au mfukoni. Hiki huonyesha namba tangu ppm 1, hapo hapo, bila kungoja saa moja. Kina kazi mbili. Kwanza kinamlinda fundi mwenyewe, anayeingia leo kwenye chumba cha boila asichokijua na kesho kwenye kingine. Pili kinajibu swali hili: je, hewa wanayovuta watu humu ina CO? Ukikichagua, tazama kinaanzia wapi kuonyesha. Baadhi ya vifaa huficha namba za chini na kuandika sifuri mpaka ppm 10 au 30 ifikiwe. Kwa kazi ya joto, kifaa cha namna hiyo ni cha kuacha dukani. Tazama pia usahihi. Ukiandikiwa "kosa la ppm 5 juu au chini", ujue kwamba namba 9 kwenye skrini inaweza kuwa 4 au 14. Haimaanishi ni kibovu. Inamaanisha kwamba kwa namba ndogo hutazami tarakimu moja tu, unatazama mwelekeo. Je, inapanda boila linapowashwa? Inashuka linapozimwa?

Kifaa cha tatu ndicho chenye pampu, mpira na fimbo ya chuma inayoingizwa kwenye dohani, yaani bomba la kutolea moshi. Hiki ni kipima moshi, nacho kinajibu swali ambalo vingine haviwezi: moto wenyewe unaungua vipi? Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo namba hudanganya kuliko popote.

Chukua maboila mawili. Kila moja linaonyesha ppm 100 za CO kwenye dohani. Je, yako sawa? Huwezi kujibu mpaka ujue oksijeni iliyobaki kwenye moshi. Fikiria kijiko cha chumvi kwenye kikombe cha maji, kisha kijiko hicho hicho kwenye ndoo. Ukionja, ndoo haina chumvi kali, ingawa chumvi iliyotiwa ni ile ile. Hewa ya ziada inayopita kwenye boila ni maji ya ndoo. Mafundi huiondoa kwa hesabu fupi: CO iliyosomwa zidisha kwa 20.9, ambayo ni asilimia ya oksijeni katika hewa safi, kisha gawanya kwa kinachobaki ukitoa oksijeni iliyosomwa katika 20.9. Boila la kwanza likiwa na oksijeni asilimia 5, ppm zake 100 zinakuwa 131. La pili likiwa na oksijeni asilimia 15, ppm 100 zile zile zinakuwa 354. Marekani, kikomo kinachotumiwa kwa tanuri za gesi za kupasha joto nyumba ni ppm 400 kwa hesabu hii ya moshi usio na hewa ya ziada. Kwa hiyo la pili liko karibu kabisa na ukingo, huku skrini ikionyesha namba moja na mwenzake.

Uingereza hutumia njia nyingine yenye shabaha hiyo hiyo: CO hugawanywa kwa kaboni dioksidi (CO2), na kwa boila za kisasa za gesi uwiano usizidi 0.004. Moshi wenye ppm 200 za CO na asilimia 9 za CO2, yaani ppm 90,000, una uwiano wa takriban 0.002. Salama. Ukifikiri kidogo utaona kwamba hewa ya ziada hupunguza CO na CO2 kwa kiasi sawa, hivyo uwiano haubadiliki. Namba za mtengenezaji wa boila zikitofautiana na hizi, fuata za mtengenezaji.

Kutokana na hayo, kifaa cha dohani kisichopima oksijeni au CO2 sambamba na CO hakifai kwa kazi hii, hata kiwe kizuri namna gani. Ni mizani isiyojua uzito wa chombo. Kuchomeka kipima hewa ya chumba kwenye dohani ni kosa kubwa zaidi: hakina pampu, hakina chujio la masizi, moshi wenye maji na joto utakiharibu, na namba kitakayotoa haina maana yoyote.

Ndani ya vifaa hivi kwa kawaida kuna kihisi cha kemikali, kikopo kidogo chenye asidi na vipande vya metali. CO ikiingia hugeuzwa kuwa kaboni dioksidi na kuzaa mkondo mdogo wa umeme. CO nyingi, mkondo mwingi. Ni ufundi mzuri, lakini una tabia zake. Kihisi hicho huguswa pia na haidrojeni, ambayo hutoka kwenye moto ule ule mbaya unaotoa CO, na hutoka pia betri za gari zinapochajiwa. Kwa hiyo kwa kazi ya dohani tafuta kifaa kilichoandikwa kwamba kinafidia haidrojeni. Bila fidia hiyo kitasoma juu kuliko ukweli, na utabomoa boila lisilo na makosa makubwa.

Tabia ya pili ni kuelemewa. CO ikizidi uwezo wa kihisi, kihisi kinaweza kupofuka kwa muda au kufa kabisa. Kipima moshi cha kawaida hufika kama ppm 2,000 au 4,000. Boila la gesi linaloungua vizuri halitakaribia huko, lakini jiko la kuni hutoa maelfu kwa kawaida yake. Anayeshughulika na kuni au makaa anahitaji kifaa chenye uwezo mkubwa, au chenye pampu ya pili inayochanganya moshi na hewa safi kabla haujakifikia kihisi. Wanaoshughulika na mafuta wajiandae kwa masizi: pima masizi kwanza kwa karatasi yake, ukiona nyeusi, safisha kichomeo kabla hujaingiza fimbo ya kifaa chako.

Hapo hapo nitaje jambo linalowashangaza wengi: vipande vya mbao vilivyoshindiliwa, vile vya boila za kuni za kisasa, hutoa CO vikiwa vimekaa tu ghalani, bila moto wowote. Watu wamekufa kwa kuingia kwenye maghala ya namna hiyo. Kipima hewa kitangulie, wewe ufuate.

Tabia ya tatu ni uzee. Kihisi hufifia, na hakikwambii kwamba kinafifia. Kile cha oksijeni, hasa cha aina inayotumia madini ya risasi, mara nyingi huishi miaka kama miwili. Cha CO huishi zaidi. Ndiyo maana kipima moshi hupelekwa kuhakikiwa kila mwaka kwa gesi yenye kiasi kinachojulikana, na hurudi na cheti. Ukinunua, uliza kwanza ni nani atakihakiki, kitakaa huko siku ngapi, na vihisi vipya vinapatikana au la. Binafsi ningechukua kifaa cha kawaida chenye huduma ya karibu kuliko kifaa cha kifahari kisicho na pa kupelekwa. Wanunuzi wengi huanza na skrini ya rangi na kuunganishwa na simu. Hayo ni mazuri, lakini hayamo katika kipimo. Kwa Ulaya, tazama kama kimeandikwa kukidhi EN 50379, kiwango cha vipima moshi wa mifumo ya joto.

Kuna mahali pawili ambapo kifaa kizima, chenye cheti kipya, hudanganywa na fundi mwenyewe.

Pa kwanza ni sifuri. Kifaa kikiwashwa, huchukua hewa kilichomo na kuiita safi. Ukikiwashia ndani ya chumba chenye ppm 20, kitaiita ppm 20 sifuri, na kila namba baada ya hapo itapungua kwa 20. Ni muuza duka ambaye mizani yake inaanzia nyuma ya alama. Washa nje, mbali na gari linalonguruma na mbali na mdomo wa dohani, hakikisha oksijeni inasoma 20.9, kisha ndipo uingie. Fundi anayewasha kifaa kando ya boila ili kuokoa dakika mbili amekifuta kipimo chake chote.

Pa pili ni mpira. Mpira wenye ufa mdogo hunyonya hewa ya chumba na kuchanganya na moshi. Oksijeni itapanda, CO itashuka, na boila baya litaonekana zuri. Ubaya wa kosa hili ni kwamba huangukia upande unaofurahisha. Jaribio lake ni rahisi: ziba ncha ya fimbo kwa kidole au kwa kifuniko chake, pampu inapaswa kulemewa au kusimama. Ikiendelea kuvuta kama kawaida, kuna mahali inapopata hewa. Mwaga pia maji yaliyojaa katika kikombe cha kunasia unyevu wa moshi, na weka ncha ya fimbo katikati ya mkondo wa moshi. Kwa boila au tanuri lenye tundu la kuvuta hewa ya chumba juu yake, pima kabla ya tundu hilo.

Yapo pia maneno yanayozunguka sana. Kwamba CO ni nzito, hutuama sakafuni: la, uzito wake unakaribiana na wa hewa, ni mwepesi kidogo tu, nayo huchanganyika chumbani kote na kufuata mkondo wa joto. Kwamba mwali wa bluu hauna CO: mwali wa njano wa gesi ni dalili mbaya kweli, lakini wa bluu unaogusa chuma baridi unaweza kutoa CO nyingi huku ukipendeza macho. Kwamba boila jipya halihitaji kupimwa: boila jipya lililofungwa vibaya ni jipya na ni baya. Kwamba kipimo kikitoka vizuri mara moja basi yameisha: boila linaloungua vizuri mlango ukiwa wazi linaweza kurudisha moshi ndani mlango ukifungwa na feni ya jikoni ikiwashwa, kwa sababu feni huvuta hewa kutoka popote inapoweza, hata dohani.

Turudi kwa fundi wetu, tumpe begi lililojaa sawasawa. Anawasha vifaa vyake viwili nje na kuviacha vikae. Anaingia na kipima hewa kifuani na kutazama namba tangu mlangoni, boila likiwa limezimwa, kisha likiwa limewaka kwa dakika kumi na tano, madirisha yamefungwa na feni zinazunguka. Ikipanda kwa kasi, anazima, anafungua madirisha na kuwatoa watu wote nje, naye akiwemo. Mwenye maumivu ya kichwa anapelekwa hospitali na kuambiwa ataje CO kwa daktari. Isipopanda, anaingiza fimbo kwenye dohani na kungoja namba zitulie. Anaandika CO, oksijeni, uwiano, hali ya milango, tarehe, na siku kifaa chake kilipohakikiwa mara ya mwisho. Karatasi hiyo anaibandika ubavuni mwa boila, ili fundi wa mwaka ujao akikuta 180 mahali palipoandikwa 60, ajue aanze kutafuta wapi.